Mafuta ya Taa Kwenye Chaki

Nje, ubavu wa boti ya doria ulikuwa umepakwa chaki. Ndani, Kapteni Yuliana wa wanamaji alipaka mafuta ya taa kwenye maungio ya vyuma. Haikupita hata robo saa, madoa yakajitokeza kwenye chaki: moja, mawili, kisha mstari mzima.

"Mafuta yakipita, maji yatapita," alisema. "Mzee Hatibu, wakubwa wanataka jibu leo. Mradi wa boti uendelee au ufutwe? Fundi mkuu ni wewe. Andika, utie sahihi."

Hatibu alijua kosa lilikuwa lake. Karakana yao ya Kihonda, mbali na bahari, ilianza na mageti. Mteja wa geti hataki kuona uvimbe wa kuchomelea, basi aliwafundisha mafundi wake kupiga grenda, kulisaga kila ungio mpaka liteleze. Geti halizami. Ilipokuja kazi ya boti, wakapiga grenda vilevile, na nguvu yote ya maungio ikaishia sakafuni kama vumbi la chuma. Wangekuwa wazembe angewafukuza. Hawa, maskini, walizidisha usafi!

Tena walikuwa wa kwao. Watu thelathini wa ukoo wa mama yake aliwateremsha mwenyewe kutoka milimani, wakaacha migomba yao kwa neno lake. Mradi ukifutwa, karakana inafungwa. Atapanda kule juu na uso gani?

"Tutaziba, afande. Uendelee."

"Una siku nne. Jumatatu inaingia baharini, na fundi mkuu hupanda wa kwanza. Ndiyo desturi yetu."

Siku nne zilitosha kuziba juujuu tu, na Hatibu alilijua hilo. Lakini aliona nafuu ya ajabu, ya woga. Ikizama, atazama nayo, na hakuna atakayemuuliza kitu. Akaandika: *Uendelee*.

Shadya, binti wa dada yake, aliyeling'arisha ungio lile lililovuja kwa mikono yake, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Shikamoo, afande. Mjomba, na mimi nipande! Boti nimeitengeneza, bahari sijaiona hata siku moja."

"Nafasi ipo," alisema Kapteni, bila kumwangalia Hatibu.

Hatibu akaivuta karatasi. Alilikata lile neno, akaandika *Ufutwe*, akatia sahihi.

Shadya alikuwa bado anatabasamu.

"Hivi mjomba, baharini watu huvaa nini?"