Maji ya Damu ya Mzee

Nilidhani mtu amekatika kidole ndani ya mashine. Asubuhi ile nilifungua mlango wa mashine ya kufulia ili nitoe mashuka ya hoteli, na mashuka yote, yaliyoingia meupe, yakatoka ya rangi ya waridi. Nikawaita wanawake wote wa zamu, nikawaamuru waonyeshe mikono. Wakaninyooshea, vidole vyote vipo, wakanitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Nikaenda kwenye bomba la kusuuzia, nikafungulia. Maji yakatoka mekundu. Kutu naijua, na hii haikuwa kutu. Ilikuwa nyekundu ile nzito tunayoiita damu ya mzee, rangi ileile tunayotilia sare za walinzi. Nikasahau hata kufunga bomba.

Mwenye kuiendesha dobi yetu ni kaka yangu. Watu wanamwita Birika kwa sababu ya mkono wake usionyooka kutoa, naye analipenda jina hilo, anaona ni sifa. Dobi aliianzisha mama yetu. Tulipoongeza kazi ya kutia sare rangi, mama alimtaka Birika ajenge matangi ya kuchujia maji machafu. Birika akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, hiyo ni anasa ya matajiri," alisema. "Dawa ya maji machafu ni shimo."

Akachimba shimo nyuma ya ukuta, si mbali na kisima chetu wenyewe kinachotupa maji ya bombani, wala hakuliwekea sakafu. Maji ya rangi yalimwagwa humo, yakazama, na kila mtu akasema yamekwisha. Mama alinuna, akafunga virago, akahamia kwa mama mdogo upande wa pili wa mji. Tukasema mzee wetu ameenda kupumzisha magoti yake. Tukawa tunamtumia sukari na salamu.

Birika alipofika nilimvuta mpaka bombani bila hata kumwamkia. Alichovya kidole, akanusa, akakifuta kwenye suruali.

"Ni sabuni mbovu," alisema.

"Kaka, hiyo sabuni imeingiaje kwenye bomba?"

Alikaa juu ya kapu la nguo, akaanza kuyahesabu mashuka. Hoteli ndiyo iliyokuwa ikituweka mjini. Nguo nyingine zilikuwa mashati ya majirani na mapazia ya mara mojamoja. Hoteli ikiondoka, tunafunga milango, na wanawake sita wanarudi nyumbani mikono mitupu. Na meneja wa hoteli alikuwa anakuja adhuhuri ileile.

Birika ni Birika. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaficha mashuka chini ya meza ya kupigia pasi na kupanga uongo wake: umeme umekatika, mashine imekwama, mashuka kesho. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia niendelee kupiga pasi.

Meneja alikuja, mama wa makamo asiyependa kukaa. Wala hakuuliza mashuka.

"Naomba kuona nyuma," alisema. "Wageni wetu siku hizi wanauliza maji ya kufulia mashuka yao yanaishia wapi. Nimechoka kuwajibu sijui."

Uongo wa Birika ulikuwa wa upande wa mbele tu. Wa nyuma hakuwa ameuandaa. Meneja akalitazama shimo, jekundu mpaka ukingoni, akakitazama kisima, kisha akatutazama sisi. Nilitamani ardhi ipasuke, ila kwa ardhi ile na yaliyomo, labda ningetoka na rangi.

"Nitasema wazi," alisema. "Kuna dobi mwingine ameniomba kazi. Maji yake anayachuja na kuyatumia tena. Na bei yake iko chini ya yenu."

"Haiwezekani," Birika alisema. "Mtu ajenge matangi, achuje maji, halafu awe rahisi kuliko mimi?"

"Maji yake ya kusuuzia ndiyo anayolowekea nguo zinazofuata. Sabuni imo, joto limo. Wewe unavimwaga vyote shimoni, halafu unanunua upya."

Miaka yote Birika alibana kila kitu, hata vibanio vya nguo alivihesabu, na kumbe alikuwa akimwaga sabuni na umeme nyuma ya ukuta kila siku. Alikataa kuamini. Alisema anataka kuyaona hayo matangi kwa macho yake, na meneja akasema gari liko nje, twendeni.

Gari lilipokata kona ya mwisho nilianza kuitambua mitaa. Lilipofunga breki mbele ya geti la mama mdogo, nilimtazama dereva nikidhani amepotea njia. Hakuwa amepotea. Ndani ya uwanja kulikuwa na matangi matatu yamepangana kama ngazi, yana changarawe, mchanga na mkaa, na la mwisho lilikuwa na maji maangavu. Mama mdogo alikuwa anaanika mashuka. Na mama yetu, mgonjwa wa magoti tuliyekuwa tukimtumia sukari, alikuwa amevaa mabuti ya mpira, ameshika koleo.

"Karibuni," alisema. "Msikanyage mchanga wangu."

"Mama," Birika alisema. "Ni wewe uliyeninyang'anya mteja?"

"Sijamnyang'anya mtu. Mteja ulimmwaga mwenyewe, pamoja na maji."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikaona bora niseme ukweli wote pale pale, nikamweleza mama habari ya mashuka na kisima. Nilitegemea atamsuta Birika mpaka jua lizame. Badala yake koleo lilimponyoka.

"Kisima kimeingia rangi? Tangu lini?"

"Leo, mama."

"Leo ndiyo mmeiona. Shimo liko juu, maji yanateremka. Wale wa bondeni wenye visima, wanakunywa nini?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka asubuhi, na niliona aibu. Tangu alfajiri nilikuwa nimewaza mashuka, mashine na meneja. Nyumba za bondeni hazikunijia akilini hata kidogo, na ndizo tunazopita kila siku tukisalimiana.

"Habari ya kazi tutaizungumza," mama alisema. "Wale wanawake sita waje hapa, nafasi ipo. Na wewe, baba, lete mashine zako, maana bondeni hawatataka kukuona ukimwaga tena hata kikombe. Ila kwanza kagongeni milango."

Meneja alituachia gari na dereva. Nyumba ya kwanza bondeni ni ya fundi cherehani. Mkewe alifungua, akatukaribisha kwa bashasha, akataka kutuletea viti. Birika akakataa kukaa.

"Shemeji," alisema, "maji ya kisima chenu msiyatumie. Yameingia rangi yetu."

"Yale mekundu?" mwanamke aliuliza, kisha akatabasamu ili kututoa wasiwasi. "Tuliyaona zamani, tukajua ni kutu tu. Nayachemsha vizuri kabla sijawapa watoto."