Pumzi ya Tawny

Kule mabondeni, mashariki ya Kentucky, Marekani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, mtoto mchanga akiota utando mweupe kinywani hapelekwi kwanza kwa daktari. Hutafutwa mtu ambaye hajapata kumwona baba yake mzazi, ampulizie mtoto mdomoni. Ukitaka kucheka, cheka. Wenyewe wanaapa kuwa utando huondoka. Tawny Stidham alikuwa mtu wa namna hiyo. Baba yake alifukiwa mgodini yeye akiwa bado tumboni, na tangu utotoni wanawake walimletea vichanga vyao, wakaacha mkate wa mahindi mezani, maana kumshukuru kwa mdomo ni mwiko.

Halafu akaumia mgongo akiwanyanyua wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, akarudia tena na tena, kisha siku moja akamkatia ghafla. Mwili ulikuwa umeshazoea. Tawny akavitafuta mtaani, habari zikazagaa, na vichanga vikakoma kuletwa. Nani atampelekea teja kinywa cha mwanawe?

Alipojua ana mimba aliingia kliniki mwenyewe, hakuburutwa na mtu. Wakamwanzishia dawa ya kumtoa kwenye uraibu, ya kuweka chini ya ulimi, wakamwonya asiiache ghafla maana kuiacha kungemdhuru mtoto, naye hakuiacha. Eston alizaliwa akitetemeka, akipiga chafya, akilia kilio chembamba kisichobembelezeka. Kliniki walishamwambia kwamba huenda ikawa hivyo, na kwamba hupita. Wodini hakuna aliyejali maelezo hayo. Kwao huyu alikuwa mtoto mwenye arosto, anayeteswa na kukosa dawa za kulevya, na mkosaji alikuwa amekaa pale pale kando ya kitanda.

Ijumaa kingekaa kikao cha ustawi wa jamii kuamua kama Eston atoke na mama yake au apewe watu baki wamlee. Darla, binamu yake Tawny, alimpigia simu kumpa darasa.

"Usilie mbele yao, dada. Ukilia watasema umezidiwa."

"Na nikicheka?"

"Ukicheka watasema umelewa. Kaa tu kama picha."

Akakaa kama picha. Lakini alikuwa anazama. Alilia chooni bomba likiwa wazi, na kuna wakati aliona mtoto angekuwa salama zaidi kama yeye asingekuwapo duniani. Daktari kijana, mgeni huko milimani, alipomuuliza kama ana huzuni, alijibu, "Mimi? Niko poa kabisa." Ndilo jibu pekee lililoonekana halina hatari.

Kisha utando ukaota. Eston akawa anashika chuchu, analia, anaiacha.

"Nesi, mtoto ana utando kinywani," Tawny alimwambia Nesi Hensley.

"Daktari atapita."

"Nilisema na jana."

"Mama, arosto yote hii umempa wewe, leo ndiyo unaona utando?"

Hensley alikuwa mtu wa bonde lile lile. Miaka iliyopita, kabla ya vidonge, alikuwa amempelekea Tawny binti yake mchanga, mdomo mweupe pe, akaondoka bila kusema asante, kama inavyotakiwa. Tawny alikumbuka hata rangi ya blanketi la yule mtoto.

Daktari hakupita. Mchana Eston alilia mpaka sauti ikamkauka. Tawny akamwinua, akamfungua mdomo kwa kidole, akampulizia mara tatu, taratibu, kama alivyowapulizia watoto wa wenzake. Alipoinua kichwa, Hensley alikuwa mlangoni na yule daktari kijana nyuma yake.

"Umempulizia nini?" daktari akauliza.

"Pumzi."

"Pumzi na nini?"

"Pumzi tu. Sikumwona baba yangu. Huku kwetu—" Akaona jinsi daktari anavyomtazama, akageuka. "Muulize Nesi Hensley. Anajua. Alimleta wa kwake kwangu."

Kilichohitajika ni neno moja. Lakini Hensley alikuwa amefanya kazi miaka mingi na madaktari wanaowacheka watu wa milimani kwa miguu peku na uganga wao, na uso ukamwiva kwa aibu.

"Mambo hayo mimi siyajui," alisema.

Hasira hunipanda hapo kila ninapokisimulia kisa hiki.

Vipimo vya Eston vilionyesha dawa ya kliniki tu, si kingine. Haikusaidia kitu. Kwenye kikao ilisemwa kuwa mama alionekana akimpulizia mtoto kitu kisichojulikana, na ndivyo ilivyobaki. Eston akaondoka kwenye gari la mwanamke aliyepewa kumlea, mwenye sauti ya upole, ambaye Tawny alishindwa hata kumchukia.

Aliruhusiwa kumwona katika chumba cha ofisi ya ustawi wa jamii, ofisa akiwa kitini pale mlangoni. Eston alikuwa amenenepa. Alipiga miayo, na kinywa kilikuwa safi, chekundu.

"Dawa ya utando ilimfaa," ofisa alisema. "Na wewe, hali?"

"Niko poa."

Mtoto akanyoosha mkono, akashika mdomo wa mama yake. Tawny alitaka kumwimbia. Akavuta pumzi, na wazo likamjia kwa sauti ya yule daktari: pumzi na nini? Je, kama kweli kulikuwa na kitu? Kama kilikuwa mapafuni mwake siku zote, na wote wakakiona isipokuwa yeye?

Akaibana pumzi. Akamshika Eston kwa mikono iliyonyooka, mbali na kifua, akageuzia uso ukutani na kuubakiza hivyo, machozi yakimtiririka upande ambao hakuna aliyeuona, mpaka muda ukaisha.

Nje, ofisa alimwambia mwenzake, "Huyu hata kumtazama mtoto hataki."