Ngamia wa Kampuni

Deni la Diriye lilikuwa moja, lakini waliolila walikuwa wawili.

Hajji Kulow, mwenye duka la sukari na unga mjini Garissa, alimkopesha elfu themanini wakati wa ukame. Kila Jumatano, soko la mifugo likivunjika, Diriye alimpelekea elfu nne. Hajji alizihesabu, akasema mashallah, akatia mfukoni. Jumatano kumi na tano zilipita hivyo, zikabaki elfu ishirini. Kitu kimoja tu Hajji alisahau kumwambia: deni hilo, zima kama lilivyokuwa siku ya kwanza, alikuwa ameshaliuza kwa kampuni ya Nairobi inayodai watu.

Kampuni ilianza kwa simu. Ilimpigia Diriye, ikampigia mkewe Sahara, ikampigia imamu, ikampigia hata shemeji yake wa Kutulo, ambaye Diriye mwenyewe alikuwa hasemi naye. Kisha ikamtuma Abdihafid, kijana wa Islii, Nairobi, viatu vyenye ncha, aliyemjua ngamia kwenye sahani tu.

"Adeer, una siku tatu," akasema, akimwita ami kwa heshima.

"Nimebakisha ishirini. Muulize Hajji."

"Kompyuta inasema themanini."

"Hiyo kompyuta imeniona wapi?"

Diriye akaenda dukani. Hajji hata hakusimama.

"Hao ni watu wa kompyuta, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa daftari. Tusiingiliane." Akanyoosha mkono, maana ilikuwa Jumatano. Diriye akampa elfu nne, akatoka akijitukana.

Jumamosi Abdihafid akaja na pikapu kumchukua ngamia wa Diriye. Ndiye ngamia pekee wa maziwa waliyeachiwa na ukame. Watoto sita walikunywa maziwa yake, na yaliyobaki Sahara aliyauza.

"Ana ndama," Diriye alisema. "Bila ndama hatoi hata tone."

"Hatutaki maziwa, adeer. Tunataka pesa."

Basi ndama akabaki, na ngamia akaenda akilia. Alilia kutwa kucha katika ua aliokodi Abdihafid. Hakukamulika. Chuchu zilivimba, akampiga teke mchungaji wa kwanza, wa pili akadai nyongeza kabla ya kusogea. Majani, maji, ua, mchungaji: kufikia Jumatano elfu saba zilikuwa zimemtoka Abdihafid.

Siku hiyo alimburuta sokoni, viatu vikiwa na rangi ya samadi. Nunow, dalali mkongwe, akatazama alama ya ukoo iliyochomwa kwa moto shingoni mwa ngamia, kisha akamtazama kijana.

"Wa nani huyu?"

"Wa kampuni."

"Kampuni ni ukoo gani?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Abdihafid akatoa karatasi yenye muhuri.

"Muhuri wako umeandikwa kwa wino," Nunow akasema. "Wa Diriye umechomwa kwenye ngozi. Mdhamini wako nani?"

Pale sokoni mnyama hauzwi mpaka mtu anayejulikana asimame na kusema ametoka kwa mwenyewe kwa haki. Ikibainika amesema uongo, analipa bei yote mfukoni mwake. Abdihafid alimjua mtu mmoja tu Garissa. Akampigia Hajji Kulow, naye Hajji akaja akitabasamu, mpaka alipoona umati. Nusu yao walinunua sukari kwake.

"Unamsimamia, Hajji?" Nunow akauliza. "Sema mbele ya watu kwamba Diriye hajakulipa."

Diriye, aliyekuwa katika umati huo, akasogea mbele. Neno moja la Hajji, na watoto wangelala na chai bila maziwa.

"Sema tu, Hajji," akamwambia. "Au tulete daftari?"

Hajji akakohoa. Akapiga hesabu ya bei ya ngamia, laki na ushee, akakohoa tena.

"Amenilipa... sitini na nne."

"Sitini na nne!" Abdihafid akaruka. "Na wewe ulituuzia themanini? Mzee, wewe ni mwizi!"

"Mwizi ni nani, mtoto wa Islii?"

Wakakamatana kwa maneno. Diriye akapita katikati yao, akatoa elfu nne za Jumatano hiyo, akaziinua juu.

"Haya. Nani anapokea?"

Macho ya soko zima yaliwageukia. Hakuna aliyenyoosha mkono, maana aliyepokea angekuwa amekubali hesabu ya Diriye mbele ya watu. Diriye akazirudisha mfukoni, akashika kamba, na ngamia akaanza mwendo kabla hajavutwa.

Abdihafid akamkimbilia. "Adeer! Na elfu saba zangu za majani?"

"Mpigie shemeji yangu wa Kutulo," Diriye akasema. "Namba yake unayo."