Korongo Katikati ya Masanduku

Kila jioni baada ya kazi nilifungua ukumbi kwa ufunguo alioniachia mwalimu Obata, nikavua viatu, nikauinamia ukuta kwa heshima na kuanza mazoezi. Zamani tulikuwa wanafunzi ishirini na watatu. Wengine walihamia Osaka kutafuta kazi, wengine walipata watoto, wengine walichoka tu. Mwezi wa nne mwalimu naye alichukuliwa na binti yake, akaenda kuishi huko huko Osaka, ghorofa ya tisa. Nikabaki mimi, Mayuko, umri miaka ishirini na tisa, mpakiaji wa mapeasi.

Karate yangu ni ya kata, yaani mfululizo wa mapigo yaliyopangwa tangu kale. Humpigi mtu. Unasimama peke yako, unataja kwa sauti kubwa jina la kata utakayocheza, kisha unapigana na adui asiyekuwapo huku waamuzi watano wakikutazama. Nimekuwa wa pili katika mkoa wetu wa Tottori mara nne. Anayekwenda Tokyo kwenye mashindano ya taifa ni wa kwanza peke yake.

Ukumbi wenyewe ni wa mzee Yoneda, mwenye ghala la mapeasi ninakofanya kazi.

"Mayuko, mimi si mtu mbaya," aliniambia siku moja huku akimenya peasi. "Lakini jengo zima, mtu mmoja! Ukienda Tokyo, nitajisifu mjini kwamba nina bingwa, na ukumbi kaa nao mwaka mzima. Usipokwenda, naweka masanduku yangu."

"Masanduku yamekukosea nini mpaka uyafungie mle?"

"Masanduku angalau hayapigi kelele kila jioni."

Akacheka, akanikatia kipande kikubwa.

Kelele aliyoisema ni ile ya kutaja jina. Enzi za mwalimu, mazoezi yote yalimalizika kwa Gankaku, kata ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba. Ndiyo aliyoipenda. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, sisi tukapaza jina, tukacheza. Goti langu la kushoto lilipoharibika, miaka mitatu iliyopita, niliiacha. Nikashikilia Sochin, kata ambayo miguu yote miwili hubaki chini, imara.

Hata hivyo, kila jioni nilipomaliza, bado nilisimama mbele ya kile kiti kitupu nikapaza sauti: "Gankaku!" Kisha sikucheza. Niliinama, nikazima taa. Sijui nilikuwa namwambia nani. Ukimya wa pale ulikuwa mzito, na sikutaka kuuacha bila jina lolote ndani yake.

Siku ya mashindano ya mkoa nilikula tonge langu la wali peke yangu kwenye ngazi. Nilishinda mara tatu. Kata uliyokwisha kuicheza huruhusiwi kuirudia siku hiyo, kwa hiyo Sochin niliitunza kwa ajili ya fainali.

Fainali nilikutana na Kotoha, msichana wa sekondari, mwenye mkanda mwekundu na wenzake thelathini waliolipigia kelele jina lake. Alicheza vizuri, safi kama shuka lililopigwa pasi. Lakini magoti yake yalikuwa juu mno, nami nilijua Sochin yangu ingemshinda.

Nikaingia na mkanda wangu wa bluu. Nikainama. Karibu na meza ya waamuzi palikuwa na kiti cha plastiki kisicho na mtu. Nikavuta pumzi, na mdomo ukasema:

"Gankaku!"

Sauti iligonga paa ikanirudia. Ukishataja jina, umejifunga. Ukicheza kata nyingine, umetolewa. Wenzake Kotoha waligeukiana. Kwa sekunde mbili hivi niliona masanduku yakiingia ukumbini kwetu, moja baada ya jingine.

Nikaanza. Miguu ilikumbuka kuliko nilivyotarajia. Nilipofika kwenye mguu mmoja, goti la kushoto lilitetemeka kama jani, ukumbi wote ukaliona. Sikuushusha mguu niliouinua. Nilisimama hapo kwa muda ule ule aliokuwa akiutaka mwalimu, ambao ni mrefu kuliko unavyovumilika, kisha nikapiga.

Waamuzi wakainua bendera: tatu nyekundu za Kotoha, mbili za bluu zangu.

Nje, Kotoha alinifuata mbio.

"Dada, samahani. Wenzangu walikuwa wanasema utacheza Sochin."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Aliziba mdomo kwa kiganja akicheka, halafu akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

Kutoka kituo cha treni nilimpigia mwalimu.

"Mwalimu, nimetaja jina silo."

"Jina gani?"

"Gankaku."

Nilisikia televisheni yao, na binti yake akimwita aende kuoga.

"Ukaicheza?"

"Nikaicheza."

"Goti?"

"Lilitetemeka."

"Macho ulielekeza wapi?"

Nilitaka kusema mbele, kama inavyotakiwa.

"Kwenye kiti," nikasema.

Binti aliita tena. Mwalimu hakumjibu. Tulikaa hivyo, kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka treni yangu ikafika.

Jumatatu nilimpa mzee Yoneda ufunguo kwa mikono miwili. Hakufanya mzaha. Aliniomba nimsaidie kupanga, nikaanza na ukuta wa nyuma, masanduku matupu mpaka juu, kulia na kushoto. Katikati niliacha njia nyembamba iliyonyooka. Gankaku huchezwa hivyo, kwenda na kurudi katika mstari mmoja.

"Nafasi hiyo ya nini?" aliuliza.

"Ya hewa."

"Masanduku matupu, hewa ya nini?"

Aliitazama ile njia, akanitazama goti, akautundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, mahali ninapoweza kuufikia.

"Usiniangushie masanduku," akasema, akatoka.

Nikavua viatu. Nikataja jina, na safari hii nikacheza mpaka mwisho.