Ukurasa wa Sitini na Moja

"Ndeshi, ondoa ukurasa wa sitini na moja, mengine yote safi," alisema Dakta Sumari, msimamizi wangu.

Thubutu! Miaka minne ya shahada yangu ya uzamivu imo kwenye mchoro wa ukurasa ule.

Tulikuwa kwenye utetezi wa tasnifu, chuoni, mbele ya mtahini wa nje, Profesa Kandida. Nikaeleza tena, huku nikijizuia nisipandishe sauti.

"Elektroni zangu zimebanwa ndani ya kisima cha kwanta, nafasi nyembamba mno katika kipande cha nusukondakta. Humo zimejipanga matabaka mawili. Kwetu kijijini Akheri, mifereji miwili ya kumwagilia mashamba ikipita sambamba na ukingo wa katikati ukawa mwembamba, maji hupenya huku na huku. Elektroni nazo hupenya. Nikikiinamisha kipande mbele ya sumaku, ni kama nimenenepesha ukingo. Kila tabaka linabaki na elektroni zake."

"Waya wa kipimo ulilegea," Sumari akanikatiza. "Sijawahi kuona mchoro wa hivi."

"Nilikiinamisha kushoto, kupenya kukakoma. Nikakiinamisha kulia, kukakoma kwa pembe ileile. Nikakinyoosha, kukarudi. Mwalimu, huo waya unalegea kwa ratiba?"

Profesa Kandida akacheka. Sumari hakucheka.

Wakanitoa nje nusu saa, kisha wakaniita na kunipa fomu. Nimefaulu, kwa sharti ukurasa wa sitini na moja utolewe. Sababu: kosa la kipimo. Mwandiko ulikuwa wa Sumari.

Jamani, nilichemka.

"Sisaini."

"Mwanangu, usiipige teke riziki," Sumari akasema.

"Mwalimu, heshima yako iko palepale. Lakini kwetu mtu akisema mfereji umepasuka, anatangulia yeye, anakwenda kukanyaga palipopasuka, wote tukaona. Asipopaona, hana ruhusa ya kumfungia mwenzake maji." Nikamsogezea fomu na kalamu. "Andika kosa liko wapi. Na jina lako chini."

Akaishika kalamu. Akafungua ukurasa, akafuata mchoro kwa kidole, kushoto, kulia, akarudia. Mimi nilikataa kukaa.

Mwishowe akalikata lile sharti kwa mstari mmoja, akasaini pembeni, wala hakuniangalia.

Nenda maktaba. Ukurasa upo.