Kura ya Tatu

Kilulu ni lugha tukufu. Ina sarufi nene kama tofali, ina mashairi ya kujaza kabati, na ina wasemaji wawili: fundi saa aliyeibuni, na shemeji yake kinyozi, ambaye hakuwa na kazi nyingine ya jioni. Sasa wasemaji hao walikuwa wamenuniana, kwa hiyo taifa zima halikuwa na amani.

Chanzo ni kitenzi. Fundi alishikilia kwamba katika shairi kitenzi hukaa mwisho wa mstari: mvua paa usiku hupiga. Kinyozi akaleta shairi lake linaloanza na kitenzi: hupiga mvua paa usiku. Fundi akamwambia huo ni uhuni, si ushairi. Kinyozi akachukua kofia yake, na tangu hapo hakutia tena mguu nyumbani kwa fundi.

Aliyeumia ni mke wa fundi. Kinyozi ni mdogo wake wa tumbo moja, amefiwa na mke, hana wa kumpakulia. Kila akipita kinyozini alimwona shingo inazidi kupwaya ndani ya kola.

"Si mpige kura?" alimwambia mumewe.

"Tumepiga. Sare."

"Basi nifundisheni, niwe wa tatu."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akatulia. Kura ya mkewe ataikosaje? Kinyozi alipopelekewa habari naye akawaza vivyo hivyo: dada yake ataacha kumpa? Ila hakuna aliyemwamini mwenzake amfundishe peke yake. Ikabidi waje wote, meza moja, saa ya chakula.

Kampeni zikaanza. Fundi, aliyedhani miaka yote kuwa sahani hujiosha, akakunja mikono ya shati. Kinyozi akaleta sabuni ya kunukia.

"Rushwa hiyo, shemeji!"

"Na wewe sufuria unasugua kwa thawabu?"

Mwanafunzi alikuwa mzito ajabu. "Hapo kwenye mvua sijashika. Hebu rudieni." Wakarudia, wakafokeana, na katikati ya kufokeana fundi akaona sahani ya shemejiye tupu, akamsogezea kipande chake cha nyama bila kukatisha tusi. Mkewe aliona. Akainama kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

Jioni moja kinyozi akasoma shairi lote la mvua. Lilikuwa la kumkumbuka marehemu mkewe, jinsi alivyopenda kulala paa likipigwa na mvua. Fundi hakusahihisha hata neno. Mwanafunzi alielewa kila kitu, mwanzo hadi mwisho, machozi yakamtoka.

Wanaume wawili wakamkodolea macho.

"Dada, umeelewa! Haya, kura yako?"

Akafuta macho kwa upindo wa nguo, akatazama ile shingo iliyoanza kujaa kola.

"Bado," akasema. "Hivi kitenzi ndicho kitu gani, vile?"

Wakashusha pumzi kwa pamoja. Fundi akavuta kiti karibu na cha shemejiye.

"Tuanze upya, mama."

"Tuanze," akasema, akimwongezea mdogo wake wali.