Ndaga

Akina mama wote walimjibu mtafiti neno lilelile: ndaga, yaani asante. Naye akaandika kwamba wameridhika.

Mimi ni Kisa, mzaliwa wa Ndandalo. Niliitwa kupima ubora wa utafiti wa Dokta Lameck, mgeni katika wilaya yetu ya Kyela, kuhusu nyumba moja kupita kijiji cha Ngonga wanamokaa wajawazito wakisubiri kujifungua. Nikiidhinisha ripoti yake, ombi la kupata mkunga wa usiku linafutwa, kwa kuwa eti wenyewe hawana malalamiko. Hawana malalamiko! Nikafunga safari.

Nilimkuta Anyelwisye uani kwake akipepeta mchele. Huyu ni mmoja wa waliohojiwa, aliyempoteza mtoto katika nyumba ile, mkunga hayupo, akazalishwa na mjamzito mwenziwe wa kitanda cha pili. Nilimuuliza kwa Kinyakyusa kwa nini alimshukuru mtafiti badala ya kumweleza hayo. Aliuweka ungo chini, akanitazama kama mtu anayechezewa.

"Mgeni akija kukuuliza hali, humwambii ndaga kwanza?" akasema. "Hata waliokuja kumzika mwanangu niliwaambia ndaga. Nao waandike nimeridhika?"

Niliona aibu, mimi niliyelelewa na neno hilo. Kisha akanieleza yote, taratibu, mpaka mchele ukasahaulika na kuku wakaufaidi. Mtafiti, alipopewa tu shukrani yake, alihamia kwa mama mwingine.

Niliporudi Kyela mjini, Dokta Lameck alinisikiliza kwa adabu zote. Alisema neno moja halibomoi utafiti mzima, na kwamba nimeitwa kukagua mbinu, si kuwalilia akina mama. Nikamjibu kwamba mbinu isiyotofautisha shukrani na furaha ni kuteka maji kwa pakacha, na kwamba arudi akaulize upya, akae, anyamaze, asubiri kinachokuja baada ya shukrani. Akatabasamu. Muda umekwisha, akasema. Wakubwa wanaingoja ripoti. Akaifungua ukurasa wa mwisho, penye nafasi ya sahihi yangu, akanisogezea pamoja na kalamu yake.

"Nakushukuru kwa kunielewa, dada Kisa."

"Ndaga, Dokta," nikasema.

Uso wake ukakunjuka. Nikaifunika kalamu bila kutia sahihi, nikamrudishia, nikachukua mkoba wangu na kutoka.